Siku ya Kupura Ngano na Kinu cha Wazee
Hotuba kwa watu wa Karatu na Ngorongoro



Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo mwanzo wake litaonekana ni la nchi ya mbali, lakini mwisho wake uko mlangoni petu. Twataka kueleza jinsi watu wa vijiji vya Uingereza wanavyotunza vinu vyao vya kale vya upepo kwa kupura ngano pamoja, kisha tuulizane kama sisi wa Karatu na jirani zetu wa Ngorongoro tuna haja ya kufanya mfano wa jambo hilo. Hatuji kuwasifu wageni wala kuwadharau wenyeji. Mwenye akili hutwaa lililo jema popote alionapo, akaliacha lisilomfaa.

Ngano na kupura si mambo mageni kwetu. Wazee wa Wairaqw walipokuwa katika milima ya Mbulu walilima mtama, ulezi na maharage, na mavuno yalipokauka yalipigwa kwa fimbo juu ya kiwanja kilichosawazishwa, kisha wanawake wakapepeta kwa ungo, upepo ukachukua makapi. Ngano ilikuja na walowezi, na udongo wa Karatu, Rhotia na Mbulumbulu ukaipenda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima wenyeji waliifanya zao lao la biashara, na katika miaka ya 1950 na 1960 matrekta na kombaini zikaonekana katika mashamba yao. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimekatazwa, basi wafugaji wa huko hununua nafaka masokoni, na nyingi yatoka Karatu. Kwa hiyo habari ya kupura na kusaga yawahusu wote wawili, alimaye na afugaye.

Sasa tueleze kinu cha upepo ni kitu gani. Ni jengo refu la mbao, matofali au mawe, na juu yake mna mabawa makubwa, kwa kawaida manne, yanayosukumwa na upepo kama tanga la jahazi. Mabawa yakizunguka, huzungusha mti mkubwa, na mti huo huzungusha magurudumu yenye meno, na magurudumu hayo huzungusha jiwe la juu la kusagia juu ya jiwe la chini lisilokwenda. Punje huingia kati ya mawe mawili na kutoka unga. Kazi ni ile ile aliyoifanya bibi yetu alipopiga magoti mbele ya jiwe lake alfajiri, ila hapa mwenye kutoa jasho ni upepo.

Wala msidhani jambo hili lilianzia Ulaya. Vinu vya upepo vilijulikana zamani katika nchi ya Sistan, iliyo mpakani mwa Iran na Afghanistan, ambako upepo huvuma kwa nguvu miezi mingi. Msafiri Mwarabu al-Masudi, aliyefika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki mwaka 916, aliandika habari za vinu hivyo. Uingereza ilivipata baadaye sana, kama karne ya 12. Basi hata wao walijifunza au kubuni kama wengine, wala hapana taifa lililozaliwa na elimu yote.

Ama kupura kwa mashine, habari yake ni hii. Karibu mwaka 1786 fundi wa Scotland aitwaye Andrew Meikle alitengeneza mashine ya kupura iliyofaa. Ndani yake mna pipa lenye vyuma linalozunguka kwa kasi. Miganda ya ngano hutiwa kwa juu, vyuma huipiga, punje huanguka, mabua hutupwa nyuma, na feni hupuliza makapi. Kwanza ilizungushwa na farasi au maji. Baadaye ulikuja mtambo wa mvuke, nao ni tangi la chuma lililolala juu ya magurudumu. Moto wa makaa ya mawe hupitisha joto lake katika mabomba yaliyo ndani ya tangi, maji huchemka, mvuke husukuma chuma mbele na nyuma, gurudumu kubwa huzunguka, na mkanda mrefu huchukua nguvu hiyo mpaka kwenye mashine ya kupura.

Mtambo huo una hatari yake. Maji yakipungua tanginì na moto ukiendelea, tangi laweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo mafundi waliweka juu ya tanuru kizibo chenye risasi. Maji yakishuka mno, risasi huyeyuka, na mvuke hushuka motoni na kutoa onyo kabla ya msiba. Tafadhali kumbukeni kizibo hicho, maana tutakirudia.

Mashine ya kupura haikupokewa kwa furaha na kila mtu. Vibarua wa Uingereza walikuwa wakipata chakula cha majira ya baridi kwa kupura kwa mikono ndani ya maghala. Mashine zilipokuja, kazi ile ikatoweka, na ujira wao ulikuwa mdogo tangu hapo. Mwaka 1830, kuanzia jimbo la Kent, walikwenda usiku na mchana wakizivunja mashine hizo. Serikali iliwaadhibu kwa ukali: watu 19 walinyongwa, na karibu 500 walipelekwa kwa nguvu Australia, ng'ambo ya bahari. Twayasema haya kwa sababu hata nchini mwetu, katika nyanda za Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya mashine yaliyofunguliwa tangu miaka ya 1970 yaliwanyima Wabarbaig malisho yao. Mashine haina dhambi; lakini mwenye kuileta asipouliza ni nani atakayeachwa bila riziki, huleta kilio pamoja na magunia.

Baada ya miaka mia na zaidi mashine ile iliyochukiwa nayo ikapitwa. Kombaini, ambayo huvuna na kupura mara moja shambani, ilienea Uingereza katika miaka ya 1940 na 1950. Mitambo ya mvuke iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikavunjwa. Vinu vya upepo navyo viliachwa, kwa kuwa viwanda vikubwa vya kusaga vilikuwa na mashine za roli za chuma na nguvu isiyongoja upepo. Mbao zikaoza, mabawa yakaanguka, ndege wakafanya viota mahali palipokuwa na unga.

Ndipo watu wa vijiji walipoanza kujuta. Wengine walinunua mitambo iliyobaki, wakaisafisha kutu. Wengine waliunda vyama vya kulinda kinu cha kijiji chao. Na kwa kuwa kinu hula fedha kila mwaka, wakabuni siku ya kupura. Ngano huvunwa mapema ingali katika miganda, ikahifadhiwa. Siku ikifika mtambo huwashwa asubuhi, mkanda hufungwa, na watu wa kijiji hushika kazi: huyu atupa miganda, yule alisha mashine, wengine wafunga magunia, wengine wapanga mabua. Wageni hulipa kiingilio, hununua chai na mikate, na fedha yote hupelekwa kwenye mbao na mabawa ya kinu. Wala mabua hayatupwi. Mashine ya zamani huyaacha marefu kuliko kombaini, na waezekaji wa nyumba huyataka kwa paa.

Twawapeni mfano mmoja wa kinu. Katika kijiji cha Heckington, jimbo la Lincolnshire, kilijengwa kinu mwaka 1830, mwaka ule ule wa kuvunjwa mashine. Mwaka 1890 dhoruba ilikipiga kwa nyuma, ikakipasua kichwa na kuangusha mabawa yake. Mtu mmoja, John Pocklington, alinunua mabawa manane ya kinu kilichokuwa kikivunjwa katika mji wa Boston, akayaweka Heckington. Kinu hicho kingaliko, nacho peke yake katika Uingereza nzima kina mabawa manane. Tazameni basi: kilichokufa mji mmoja kilifufua cha mji mwingine, kwa sababu alikuwapo mtu aliyeona thamani pale wengine walipoona kuni.

Sasa turudi kwetu. Mtu atauliza: sisi hatuna kinu cha upepo cha miaka mia mbili, wala mtambo wa mvuke, maneno haya yatufaa nini? Twajibu kwa kuwaonyesha mahali pawili msipohitaji kupanda meli kupaona.

Mahali pa kwanza ni Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, nyuma ya milima ya Ngorongoro. Huko, tangu kama karne ya 15 hata karne ya 18, watu walichimba mifereji kutoka kwenye vijito viteremkavyo mlimani, wakamwagilia mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yenye ukubwa wa kama hekta 2,000. Leo mistari ya mawe ipo, matuta ya nyumba yapo, lakini maji hayapiti katika mifereji ile. Mahali pa pili ni Kilimanjaro. Wachaga nao walichimba mifereji karne nyingi zilizopita, nayo mingi yapitisha maji hata leo. Kila mfereji una wenyewe, na wenyewe wana siku ya kutoka na majembe kuusafisha na kuziba palipobomoka. Asiyefika hutozwa faini. Tofauti tuionayo leo kwa macho ni hii: Kilimanjaro yuko mtu anayeshika jembe siku ya mfereji, na Engaruka hayuko.

Hili ndilo neno letu la leo, na tungependa mwende nalo nyumbani. Kitu cha kale hakilindwi na sifa wala na kibao kilichoandikwa kwa rangi. Hulindwa na kazi inayorudi kila mwaka, inayofanywa na watu wanaokiita chetu. Siku ya kupura ya Waingereza na siku ya mfereji ya Wachaga ni ndugu.

Wengine watasema, Serikali italinda. Serikali ina sehemu yake, nayo huitimiza katika mahali pakubwa. Ngorongoro iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na mwaka 2018 nchi ya Ngorongoro pamoja na Oldonyo Lengai ikatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya jiolojia. Lakini fahamuni jinsi sheria ilivyoanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye lilihitaji kutangazwa rasmi. Basi mashine ya kusaga iliyoletwa wakati wa babu, kisima cha kwanza cha kijiji, au jiwe la kusagia lililolainika kwa mikono ya mabibi watatu mfululizo, havina askari mlangoni. Anayekuja kwanza mara nyingi ni mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Hatumlaumu, maana biashara yake ni halali. Twasema tu kwamba akishapima kwa kilo, hapana tena wa kupima kwa kumbukumbu.

Kwa hiyo twatoa shauri, nanyi mlipime. Kila kijiji kichague kitu kimoja tu, si vingi. Kiwe kitu chenye faida hata leo, au chenye mafunzo kwa watoto: mashine ya kusaga ya zamani iwezayo kutengenezwa, mfereji, kisima, au banda la shule la kuwekea mawe ya kusagia, vinu vya kutwangia, nyungo na majembe ya kale, kila kimoja na jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe. Kabla ya yote, jueni mwenye kitu ni nani, na maafikiano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, ili asije mrithi kesho akadai jasho lenu.

Kisha, masika yakiisha na ngano ikikauka, iwekwe siku moja ya kupura kwa pamoja. Mvuke si lazima. Mashine ndogo ya dizeli yatosha. Na pasipo mashine, fimbo na ungo vyatosha. Kila mkulima alete miganda yake, apurewe, na atoe kwa hiari kipimo kimoja kwa ajili ya kazi ya kijiji. Tuseme wakulima 48 wakatoa debe moja moja. Kwa hesabu ya madebe sita kwa gunia, hayo ni magunia manane, wala hapana mtu aliyetoa cha kumfilisi. Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na shamba asiachwe nje: apewe kazi ya siku hiyo kwa ujira au kwa nafaka, ili siku ya furaha ya wenye ngano isiwe siku ya kutazama tu kwa maskini. Tumekwisha kuona mwaka 1830 ulivyokuwa.

Jirani wa Ngorongoro nao waalikwe. Watakuja kununua nafaka, na wakitaka wataleta maziwa, asali na shanga kuuza. Nao wana vitu vyao vya kuvilinda, na wakiweka siku yao, watu wa Karatu waende kwao kwa mikono miwili. Wageni wapitao kwenda kreta hupita barabara yetu kila siku. Wakikuta watu kazini kwa hiari yao, wataweza kulipa kiingilio na kujifunza kwamba nchi hii ina watu, si wanyama peke yao.

Sasa twarudi kwenye kile kizibo cha risasi. Mikutano mingi ya michango hufa kwa sababu moja, nayo ni fedha isiyojulikana ilikokwenda. Mchango wa kwanza hutolewa kwa moyo, wa pili kwa shaka, wa tatu hautolewi. Basi kamati iwe na kizibo kiyeyukacho mapema, kitakachotoa onyo kabla ya msiba. Watu watatu washike kazi tatu: mmoja apokee, mwingine aandike, wa tatu atunze, wala wawili kati yao wasiwe wa nyumba moja. Magunia yahesabiwe hadharani jioni ile ile kabla watu hawajatawanyika. Hesabu ibandikwe ukutani shuleni au ofisini pa kijiji, iandikwe kwa herufi kubwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na kila mwanakijiji awe na ruhusa ya kuuliza bila kuitwa mchochezi. Kiongozi aulizwaye akajibu kwa karatasi huongezewa heshima.

Tena kuna mambo ya usalama ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Mkanda wa mashine haumjui mtoto wala mzee. Pazungushiwe kamba, na watoto wakae nje yake. Wenye kulisha mashine wasivae shuka, kitenge wala mikono mipana inayoning'inia. Vumbi la ngano hudhuru kifua, basi wafunge kitambaa puani na mdomoni. Moto wa kupikia na sigara viwe mbali na makapi, na madebe ya maji na mchanga yawe tayari. Mashine ikikwama, izimwe kwanza ndipo iguswe.

Nanyi walimu, kazi yenu yaweza kuwa kubwa kuliko ya mashine. Wapelekeni wanafunzi kwa wazee kabla ya siku hiyo, wawaulize: mlipura vipi, mlisaga kwa jiwe lililotoka wapi, nani aliita watu kazini, na mliimba nini. Majibu yaandikwe daftarini na kuhifadhiwa shuleni. Jiwe lisilo na habari yake ni jiwe tu. Likiwa na jina la aliyelitumia na kazi aliyoifanya, huwa kitabu. Tena hesabu ya magunia, ya meno ya magurudumu na ya mwendo wa mkanda ni somo zuri kuliko mengi yaliyo ubaoni.

Nanyi wazee na viongozi, watu watawatazama ninyi. Mkitoa debe la kwanza, wengine watafuata. Mkingoja kutolewa, nao watangoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kumbukumbu ukishaanguka hapana fundi wa kuujenga, maana matofali yake ni watu, nao hupungua kila mwaka.

Tumesema ya kutosha. Mazao ya mwaka huu yatakuja na kupita kama ya miaka mingine, na swali litakuwa kama tumetenga debe moja kwa ajili ya walio nyuma yetu na walio mbele yetu. Twawaomba mrudi vijijini, mkae baraza, mchague kitu kimoja, mweke siku moja, na mtafute daftari moja la hesabu kabla ya jambo lingine lolote.